Rupia ya Simba na Mnazi

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa duka langu hapa Voi: Mzungu amesimama mbele yangu na rupia mkononi, nami nimejikinga kwa ndoo ya plastiki. Tangu Mzungu huyo aanze kuniulizia sijapita mtaani kwa amani. Hata kinyozi wangu alininyoa ndevu upande mmoja, akaweka wembe chini, akasema upande wa pili ni mpaka nimwambie Mzungu ananitafutia nini.

Sikumwambia. Nilitoka hivyo hivyo. Nilitaka nyinyi wasomaji muwe wa kwanza.

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, mambo yalikuwa hivi. Kwetu kuna rupia moja ya fedha ya zamani za Mjerumani. Upande mmoja ina simba chini ya mnazi, upande wa pili mfalme mwenye masharubu na kofia yenye ndege. Kila binti wa nyumba yetu huivaa siku ya harusi yake, na mama yangu, Bi Mwanamina, ndiye mwenye sanduku.

Rafiki yangu Sylus ana ofisi ya kupiga chapa karibu na stesheni. Mwaka huu wa 1999 aliunganisha kompyuta yake na waya wa simu, akaingia kwenye Intaneti, akakuta mnada ambamo watu wa ng'ambo wanagombania sarafu kuukuu kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Basi nikaiazima rupia sandukuni, mama akiwa msibani Taveta. Ndambuki, fundi wa mabati, akaitolea nakala kwa risasi ya kuchomelea. Tukazizika nakala hizo zizini mwa mbuzi wake mpaka zikapata uzee, Sylus akawa anaziuza.

Kisha mfuko ukapasuka ofisini kwa Sylus. Ya kweli na za bandia zikabingirika pamoja chini ya meza. Nikachagua iliyokuwa nyeusi kuliko zote, nikairudisha sandukuni, nikamwachia Mungu.

Na Mzungu huyu alinijia siku moja kabla ya harusi ya mdogo wangu, Faiza.

"Wewe Idris?" akauliza.

Nilifikiria kumwambia kwamba Idris alishafariki. Lakini bango la duka lilikuwa juu ya kichwa changu, na jina limeandikwa kwa rangi nyekundu.

"Ndimi."

"Mimi Daktari Hobbs. Daktari ya meno, lakini sasa pumzika. Zamani mimi kaa Nakuru. Hii rupia mimi nunua kwa kompyuta. Bwana Sylus andika, hii toka kwa Idris."

"Mzee, naomba unisamehe," nikasema haraka. "Nina mama mgonjwa sana."

Mama hakuwa mgonjwa. Wakati huo alikuwa nyumbani akigombana na wapishi wa biriani, na waliokuwa sokoni walimsikia.

"Hapana samehe," akasema Daktari. "Mimi furahi. Rafiki yangu ya London iko fundi ya hii mambo. Yeye tazama na mashine. Yeye sema hii kweli kabisa. Mimi kuja Tsavo kuona ndovu, mimi sema lazima salimia Idris."

Akanikumbatia pamoja na ndoo yangu.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kupiga hesabu. Kama rupia ya Daktari ndiyo ya kweli, basi iliyo sandukuni kwa mama ni risasi ya Ndambuki iliyolala na mbuzi. Na kesho yake Faiza ataivaa mbele ya watu, akidhani amevaa alichovaa mama na alichovaa bibi.

Baba alipotutoka, Faiza alikuwa bado anakalishwa kwenye gunia la mchele dukani ili asiguse mizani. Nimemlea mimi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Daktari," nikamwambia, "hiyo rupia ni feki. Nirudishie, nami nikurudishie pesa zako."

Akacheka.

"Wallahi ni feki. Nimeitengeneza mimi. Mimi ni tapeli."

Akatoa mfukoni kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile cha kutazamia magego, akamkagua simba kwa utaratibu. Kisha akanitazama mimi kwa jicho lile lile.

"Wewe mjanja," akasema. "Wewe jua bei imepanda. Wewe taka nunua tena rahisi."

"Daktari, nakuambia kweli."

"Mtu ya feki hapana sema yeye ya feki."

Nimeuza masufuria na taa za chemli miaka yote hii, na sijawahi kumwambia mteja kwamba sufuria inavuja. Nikaona dawa ni kumpeleka kwa fundi mwenyewe, ashuhudie kwa macho.

Nikafunga duka, nikampakia kwenye pikipiki yangu nyekundu, tukaenda mtaa wa Sofia. Njia nzima Daktari alikuwa akiimba.

Ndambuki alikuwa chini ya kibanda chake akinyoosha debe. Alipoona Mzungu mwenye kaptura ya kaki na soksi ndefu, akaketi ghafla juu ya boksi alilowekea kalibu, yaani ule udongo wa kumiminia rupia.

"Ndambuki, mwambie mzee huyu nani ametengeneza rupia hii."

"Rupia gani?"

"Ndambuki."

"Mimi ni mtu ya majiko," akamwambia Daktari, mkono kifuani. "Majiko, karai, na mikebe ya kumwagia maji. Pesa mimi naona tu mkononi mwa watu."

"Huyu si polisi," nikamnong'oneza. "Ni daktari wa meno."

"Wote ni serikali."

Mkewe, Wayua, akatoka nyuma ya nyumba na beseni la nguo. Akatusalimia vizuri, akapangusa mikono, akamuuliza mumewe, "Hawa wamekuja kuchukua zile pesa za simba? Maana kuna moja mbuzi amemeza."

Nilitamani kumbusu mama yule miguu. Nikamgeukia Daktari. "Umesikia mwenyewe?"

Daktari alitikisa kichwa polepole, amefurahi kama mtu anayetazama mchezo wa kuigiza. "Wewe lipa yeye ngapi kusema hii?"

"Nani, mimi?"

"Bwana sema hapana, bibi sema ndiyo. Mzuri sana. Mimi penda. Lakini bei imepanda tena."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Kila nilipoapa, rupia iliongezeka thamani. Nilipolia machozi, Daktari aliifunga kwenye kitambaa na kuitia mfuko wa shati, akaufunga mfuko kwa kifungo.

Nikampeleka kwa Sylus. Sylus ni Mtaita wa Mbololo, alisomea Nairobi, na anaamini hakuna shida ambayo kompyuta haiwezi kuitatua ikiwa laini ya simu haijakatika. Siku hiyo ilikuwa imekatika.

Akanivuta pembeni, nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Buda, kwa nini unalia? Customer ame-appreciate."

"Amepata ya kweli, Sylus. Ya mama."

Sylus akaegemea mashine. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa Kiingereza.

"Zingine uliziuza wapi?" nikamuuliza.

"Canada. Sweden. Moja hapo Mombasa, office ya bandari, hiyo hata stempu ilikuwa ya bei rahisi. Lakini za nini? Kama ya huyu ndio original, hizo zote ni za Ndambuki."

"Nifanyeje?"

"Nunua."

"Ninunue rupia yetu wenyewe?"

"Si ulisema ni ya masa wako, ya mama? Kesho ni harusi. Huyu anapanda gari la Nairobi saa ngapi?"

Tukarudi kwa Daktari. Hakuwa anatusikiliza. Alikuwa nje, amepanda pikipiki yangu ikiwa imezimwa, ameshika usukani kwa mikono miwili na kuinama kushoto, kisha kulia.

"Hii naweza kwenda mpaka Wundanyi?" akauliza. "Ile barabara ya kona kona?"

"Inafika," nikasema, na papo hapo nikajua maneno hayo yatanigharimu.

"Zamani mimi kijana, mimi taka panda ile mlima na pikipiki. Memsahib yangu kataa. Sasa memsahib kufa." Akalipapasa tangi. "Wewe toa pikipiki, mimi toa rupia."

Jamani, ile pikipiki. Niliinunua baada ya kuuza ndoo na vikombe mpaka mgongo ukapinda. Kila Ijumaa niliiosha kabla sijajiosha mimi. Nilimtazama Sylus, Sylus akatazama barabara.

"Chukua," nikasema.

"Na helmeti."

"Chukua na helmeti."

Akafungua kile kifungo, akanipa rupia kwa mikono miwili. Akapiga moto, ikaruka, ikazima, akapiga tena. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akiishika barabara ya Mwatate, soksi zake ndefu zimejaa upepo, akipiga honi bila sababu.

Sylus akanipigapiga bega. "Angalau umepata original."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Vumbi jekundu lilinifika magotini, lakini moyo ulikuwa umetulia kidogo. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo tu: kuingia chumbani kwa mama, kufungua sanduku, kutoa ya bandia, kuweka ya kweli, kutoka.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Jamaa za bwana harusi, Fawaz, walikuwa wameshawasili kutoka Mombasa, na mama yake, Bi Nasiha, amekalishwa mahali pa heshima na mto nyuma ya mgongo. Uani kulinukia karafuu na hina. Faiza alikuwa ameketi jamvini, miguu imepakwa hina, haruhusiwi hata kujikuna.

"Kaka," akaniita kwa sauti ndogo. "Rupia ipo?"

"Ipo. Kwa nini uulize?"

"Mama yake Fawaz ana dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Mimi sitaki dhahabu. Nataka ile tu, ili nijue nimetoka kwetu." Akanikazia macho. "Mbona una ndevu upande mmoja?"

"Ni mtindo," nikamwambia. Sasa na nyinyi mmejua kwamba ule ugomvi na kinyozi ulianza asubuhi ya siku hiyo. Habari za Mzungu aliyeshuka garini akiniulizia zilifika kwake kabla hazijafika kwangu.

Nikapenya mpaka chumbani. Sanduku lilikuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na kanga na udi, lakini rupia haikuwemo.

Nilimkuta mama jikoni, amekalia mbuzi ya kukunia nazi, bakuli la jivu na ndimu miguuni pake. Mkononi alikuwa na rupia, anaisugua.

Lazima mnielewe mama yangu. Kwake yeye, chombo cha fedha kilicho cheusi ni sawa na mtoto asiyeoshwa uso. Wageni wakija, kila kitu husuguliwa: vijiko, mrashi wa kunyunyizia, mpaka komeo la mlango. Ule weusi ambao Wazungu wa Sylus wanaulipia pesa nyingi, mama anauita uvivu.

"Mama, niachie mimi nisugue," nikasema.

"Tangu lini?"

"Umechoka."

"Mkononi una nini?"

Ndugu zangu, mimi nimedanganya watu wa Canada ambao sijawahi kuwaona, lakini kumdanganya mama uso kwa uso sijui. Nikafungua kiganja.

Mama akaitazama ile, akaitazama aliyonayo. Simba wawili, minazi miwili, wafalme wawili wenye masharubu.

"Nilimtafutia Faiza ya pili," nikasema. "Awe na jozi."

Nilitegemea kofi. Badala yake macho ya mama yakajaa maji. "Baba yako angekuona leo," akasema. Akaichukua rupia niliyoilipia kwa pikipiki, akaitumbukiza kwenye jivu na ndimu, akazisugua zote mbili kwa pamoja mpaka zikang'aa na hakuna mtu duniani ambaye angezitofautisha.

Nilijiambia haidhuru. Ya kweli imo humo. Faiza atavaa zote, ya kweli na ya uwongo, na Mungu atajua ipi ni ipi.

"Haya, toka uende barazani na wanaume," mama akasema akisimama. "Tunaliza rupia."

"Mnaliza nini?"

"Hayakuhusu."

Mimi nimezaliwa katika nyumba hii. Harusi za shangazi zangu zote nilikuwepo, barazani, nikila halua. Kila mara nilisikia vigelegele kutoka ndani usiku wa hina, na siku zote nilidhani ni kwa sababu ya hina. Hakuna aliyewahi kuniambia mimi mwanamume jambo lolote kuhusu kuliza rupia.

Sikwenda barazani. Nilisimama ukumbini nyuma ya pazia, nikachungulia.

Mama aliweka sinia kubwa la shaba katikati ya jamvi. Wanawake wakakaa kimya, hata watoto wakafungwa midomo. Mama akamweleza Bi Nasiha, kwa fahari, "Sisi bibi harusi wetu haivai mpaka imelia. Waliomtangulia wote wameisikia sauti hii hii. Fedha ya kweli inaimba."

Akaiinua rupia ya kwanza juu, akaiachia.

Ikasema: tap.

Ilianguka kama kifungo cha koti. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama akatabasamu kidogo, akasema labda sinia halikukaa sawa, akalisogeza. Nikashusha pumzi nyuma ya pazia. Hiyo ni ya Ndambuki, nikajiambia. Sasa inakuja yangu.

Akaiachia ya pili.

Tap.

Nilichokuwa nakiona ni uso wa Daktari Hobbs. Kutwa nzima nilimwambia yule mzee kweli tupu. Niliapa, nililia, nilileta mashahidi, na kila neno lilikuwa kweli, nami nikidhani nadanganya, maana niliiamini mashine ya London. Nimetoa pikipiki na helmeti kununua risasi yangu mwenyewe iliyotoka zizini.

Faiza alikuwa ameinamisha kichwa. Hina ilikuwa inammwagikia kwenye jamvi, naye hakujali.

Ndipo Bi Nasiha akakohoa. Akafungua kipochi chake, akatoa bahasha ya kaki. Niliitambua bahasha ile kabla sijaona anwani, kwa sababu taipu ya Sylus haiandiki herufi e vizuri. Akaikung'uta, rupia nyeusi ikamdondokea kiganjani.

"Fawaz wangu yuko ofisi ya bandari," akasema. "Alisikia kwamba nyinyi mna rupia ya arusi. Akaiona ya namna hiyo kwenye kompyuta yao, akainunua kwa bei ya kuumiza, ili mkewe awe na mbili. Sisi hatukujua mambo ya kusugua. Mtuwie radhi, ni chafu."

Akaiachia juu ya sinia.

Ililia. Ililia ikazunguka, ikalia tena, sauti nyembamba iliyopita ukumbini, ikanipita mimi, ikatoka mpaka barazani, na wanaume wakanyamaza. Wanawake wa Mombasa wakapiga vigelegele. Wa kwetu hawakupiga. Shangazi mmoja mzee akaziba mdomo kwa leso, kwa sababu sauti ile aliijua.

Mama naye aliijua. Alinyoosha mkono kuichukua, lakini Bi Nasiha alikuwa ameshaifunika kwa kiganja chake chenye pete.

"Ya kwetu imelia, dada Mwanamina," akasema kwa upole kabisa. "Sasa tuambieni, ya kwenu iko wapi?"

Mama aliziokota zile mbili zilizong'aa, akazipima mkononi, huku na huku. Kisha akainuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye pazia, akalivuta. Nilikuwa nimesimama pale pale, nusu ya ndevu, vumbi magotini, mbele ya wanawake wote wa pande mbili.

"Idris," akasema polepole. "Leo sikukusikia ukirudi. Pikipiki yako iko wapi?"